Mchuuzi wa hisa na majuto ya 'ningaliuza'

Kuna biashara ambayo imeingia katika mabweni ya vyuo vyetu vikuu na katika vyumba vya kukodi vya vijana wa mijini bila ya kubisha hodi. Haihitaji duka wala kibanda, na mwenye kuifanya hatoki nje kutafuta mteja. Anachohitaji ni simu, fedha kiasi, na imani kwamba bei ya kitu fulani itapanda au itashuka kabla ya jua kutua. Hii ndiyo biashara ya hisa ya kutwa: kununua hisa asubuhi kwa nia ya kuziuza siku iyo hiyo, na kulala usiku bila ya kumiliki hata moja.

Tusichanganye biashara hii na uwekezaji. Mwekezaji hununua sehemu ya kampuni, akaketi akangoja gawio na ukuaji wa mali. Mchuuzi wa kutwa hajali kama kampuni inatengeneza saruji au inapika bia. Analojali ni kwamba hisa aliyoinunua kwa shilingi 20 saa nne asubuhi ipate mtu wa kuinunua kwa shilingi 20 na senti 50 ifikapo saa nane. Kazi yake ni kuamua, na huamua mara nyingi kwa siku kuliko watu wengi wanavyoamua kwa mwezi mzima. Kwa hivyo anayetaka kujua jinsi akili ya binadamu inavyopima faida na hasara hawezi kupata darasa bora zaidi, wala lenye karo ya juu zaidi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa isimu, si mwanauchumi. Hata hivyo, maamuzi ya binadamu aghalabu hutungwa kwa lugha kabla ya kutekelezwa kwa mkono, na mtu hujidanganya kwa sentensi kabla ya kujidhuru kwa kitendo. Dai langu ni hili: kinachowaangusha wengi katika uchuuzi huu si uhaba wa habari wala ukosefu wa akili. Ni kuamua kwa kuchelewa. Mtu huamua katikati ya hofu na tamaa jambo ambalo alipaswa kuliamua akiwa ametulia.

Hebu kwanza tuangalie biashara yenyewe ilikotoka. Kwa miaka mingi uchuuzi wa kutwa ulikuwa kazi ya madalali walioajiriwa masokoni, kwa sababu mtu wa kawaida hangeweza kumudu ada ya kununua na kuuza kila saa. Nchini Marekani hali hiyo ilianza kubadilika tarehe 1 Mei 1975, pale ada maalumu zilizokuwa zikitozwa na madalali wote zilipoondolewa na kila dalali akaruhusiwa kushindana kwa bei. Kompyuta na intaneti zilipoenea katika miaka ya 1990, walimu, madereva na wastaafu walianza kuketi mbele ya viwambo wakinunua na kuuza hisa za kampuni za teknolojia. Bei zilipanda, na kila aliyenunua akajiona bingwa. Faharasa ya soko la NASDAQ ilifikia kilele chake tarehe 10 Machi 2000, ilipofunga siku ikiwa 5,048. Kufikia Oktoba 2002 ilikuwa imeporomoka hadi karibu 1,114. Mwaka 2001 wasimamizi wa masoko ya nchi hiyo waliweka sharti kwamba mchuuzi wa kutwa wa mara kwa mara awe na angalau dola 25,000 katika akaunti yake. Ni kana kwamba walisema: asiyeweza kupoteza asicheze.

Hapa kwetu Soko la Hisa la Nairobi liliruhusu uchuuzi wa kutwa Novemba 2021. Kabla ya hapo, aliyenunua hisa alilazimika kungoja siku tatu za kazi ili malipo yakamilike ndipo aweze kuziuza. Soko letu lingali dogo, na hisa za kampuni chache tu ndizo zenye wanunuzi na wauzaji wa kutosha kutwa nzima. Vijana wetu wengi kwa hivyo wamevuka mpaka kwa njia ya simu, wakawa wanachuuza fedha za kigeni na hisa za ng'ambo. Bidhaa ni tofauti lakini mtihani wa nafsi ni mmoja, na takwimu za waliotangulia kuufanya zipo.

Watafiti Barber, Lee, Liu na Odean walichunguza wachuuzi wa kutwa wa Taiwan kati ya mwaka 1992 na 2006. Matokeo yao yaliashiria kuwa wale walioweza kupata faida ya kutegemeka, baada ya kulipa ada zote, hawakufika hata mmoja kwa kila mia. Nchini Brazil, Chague, De-Losso na Giovannetti waliwafuata watu walioanza uchuuzi wa kutwa wa mikataba ya hisa kati ya 2013 na 2015. Kati ya waliovumilia kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha. Ni asilimia 1.1 tu waliochuma kupita mshahara wa chini kabisa wa nchi hiyo. Nao wasimamizi wa masoko ya India walitangaza Julai 2024 kwamba katika mwaka wa fedha wa 2022/23, saba kati ya kila wachuuzi kumi wa hisa za kutwa walipata hasara. Miongoni mwa walio chini ya umri wa miaka 30 kiwango kilikuwa asilimia 76. Miongoni mwa walionunua na kuuza zaidi ya mara 500 kwa mwaka kilipanda hadi asilimia 80.

Msomaji aziangalie tena takwimu hizo za mwisho. Katika kazi nyingi, anayeirudia kazi mara nyingi huwa stadi. Fundi wa cherehani aliyeshona mashati 500 humshinda aliyeshona matano. Mbona hapa waliofanya mara nyingi wakawa ndio walioumia zaidi?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Kila ununuzi na kila uuzaji una ada. Tuseme kwamba gharama zote za kununua na kuuza ni nusu shilingi tu kwa kila shilingi 100. Ni kiasi kidogo ambacho hakimshtui mtu. Lakini anayezungusha mtaji wake wote mara moja kila siku, kwa siku 200 za soko, atakuwa amelipa ada inayotoshana na mtaji wote alioanza nao. Yaani ni lazima kwanza auzae mtaji huo mara moja ndipo arudi pale alipokuwa. Dalali hulipwa mteja akifaidika na hulipwa mteja akifilisika.

Jibu la pili ni la nafsi, na ndilo linalonishughulisha zaidi. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha majaribio ambayo yalikuja kubadilisha elimu ya uchumi. Katika mojawapo waliwauliza watu 95 wachague kati ya kupata 3,000 kwa hakika na kubahatisha kupata 4,000 kwa uwezekano wa asilimia 80. Asilimia 80 ya waliojibu walichukua zile 3,000 za hakika. Kisha swali likapinduliwa: je, ungependa kupoteza 3,000 kwa hakika, au kubahatisha, ambapo kuna uwezekano wa asilimia 80 wa kupoteza 4,000? Asilimia 92 walichagua kubahatisha. Mtu yuleyule aliye mwoga mbele ya faida hugeuka kuwa jasiri wa kupindukia mbele ya hasara. Kahneman alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996.

Wahenga wetu waliyajua mambo haya bila ya maabara. Walituachia methali isemayo, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Walituachia pia nyingine isemayo, subira huvuta heri. Kila moja ni kweli mahali pake. Mkasa wa mchuuzi ni kwamba huzitumia kinyumenyume. Hisa yake ikipanda kidogo, moyo humdunda, akakumbuka kenda shika, akauza upesi. Hisa yake ikishuka, hukumbuka kwamba subira huvuta heri, akaikumbatia. Hivyo huikata faida ikiwa changa na kuilea hasara mpaka ikomae.

Msomaji asidhani haya ni maneno ya mapambo. Mwaka 1998 mtafiti Terrance Odean alichapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali ya Marekani. Alipata kwamba wateja walikuwa wepesi wa kuuza hisa zenye faida kuliko zenye hasara. Tena zile zenye faida walizoziuza ziliendelea, katika mwaka uliofuata, kufanya vizuri kuliko zile zenye hasara walizozing'ang'ania. Waliuza walichopaswa kuweka na wakaweka walichopaswa kuuza.

Kisa mashuhuri zaidi cha ugonjwa huu ni cha benki ya Barings, iliyoasisiwa London mwaka 1762. Kijana mmoja aitwaye Nick Leeson aliongoza biashara ya benki hiyo katika soko la Singapore. Julai 1992 ilifunguliwa akaunti nambari 88888, ambamo alificha hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi mwenzake aliyeuza mahali pa kununua. Hasara hiyo ya kwanza ilikuwa ndogo. Benki yenye umri wa miaka 230 ingeilipa na kuisahau kufikia wakati wa chakula cha mchana. Leeson hakuikiri. Alijaribu kuifidia kwa kubahatisha zaidi, kisha akafidia fidia. Mwisho wa mwaka 1992 akaunti hiyo ilikuwa na hasara ya pauni milioni 2. Mwisho wa 1993 zilikuwa milioni 23. Mwisho wa 1994 zilikuwa milioni 208. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe nchini Japan, bei za hisa za Tokyo zikaanguka, naye akazidi kununua kwa matumaini kwamba zingepanda tena. Benki ilipofungwa tarehe 26 Februari 1995, hasara ilikuwa pauni milioni 827. Barings iliuzwa kwa kampuni ya Uholanzi ya ING kwa pauni moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Leeson aliachiwa ufa wa miaka miwili na nusu. Lakini tujiulize: ni siku gani hasa alipoamua kuiangusha benki? Hapana siku kama hiyo. Kila asubuhi aliamua jambo dogo tu, kungoja siku moja zaidi. Wakubwa wake nao walikuwa wamemwachia asimamie uchuuzi na papo hapo asimamie idara ya kuhakiki uchuuzi huohuo, hata hapakuwa na jicho la pili la kumwambia 'basi'. Mchuuzi wa bwenini aliye peke yake na simu yake yumo katika hali hiyohiyo. Yeye ndiye mchuuzi, yeye ndiye mhasibu, na yeye ndiye mkaguzi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Sikiliza jinsi wachuuzi wanavyozungumza na utaona mambo matatu. La kwanza ni kiambishi hu-. Katika Kiswahili hu- ni alama ya desturi: jua huchomoza mashariki, mvua za masika hunyesha Aprili. Mchuuzi aliyeiona hisa ikipanda Jumatatu mbili mfululizo husema, 'Hisa hii hupanda Jumatatu.' Kwa silabi moja ameyageuza matukio mawili kuwa sheria ya maumbile, kisha akaiwekea sheria hiyo fedha.

La pili ni nafsi ya kitenzi. Akifaidika husema, 'Nimepata.' Akipoteza husema, 'Soko limenila.' Faida ina mtenda, naye ni yeye. Hasara ina mtenda mwingine. Aliyezoea sarufi hii hawezi kujifunza, kwa kuwa katika masimulizi yake hajawahi kukosea hata siku moja. Mwenzake husema, 'Si hasara mpaka uuze.' Kauli hii hupendwa mno kwa sababu hufariji, lakini mtu aliyenunua kwa 20 kitu ambacho sasa kinanunulika kwa 12 tayari ana 12. Kutouza hakumrudishii nane.

La tatu, nalo ndilo kiini cha makala haya, ni sharti. Kiswahili kina viambishi vitatu vya sharti, ingawa wasemaji wengi siku hizi huvichanganya. Kuna -ki-: bei ikishuka nitauza. Kuna -nge-: bei ingeshuka ningeuza. Kuna -ngali-: bei ilipofika pale ningaliuza. Kiambishi -ki- hulitazama jambo ambalo bado lawezekana na ambalo msemaji yuko tayari kulikabili. Kiambishi -nge- hulikisia jambo kwa mbali. Kiambishi -ngali- hulitazama jambo lililokwisha kupita na mlango wake kufungwa. Majuto yote ya wachuuzi husemwa kwa -ngali-: ningaliuza saa tano, ningaliacha baada ya ile ya kwanza, ningalijua. Nidhamu yote ya biashara hii husemwa kwa -ki-. Tofauti kati ya aliyedumu na aliyefilisika mara nyingi ni kiambishi alichokitumia, na saa aliyokitumia.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye shilingi 50,000 ambazo anaweza kuzipoteza bila ya nyumba yake kulala njaa. Kabla ya soko kufunguliwa, anaandika katika daftari, si katika kichwa: 'Nikinunua kwa shilingi 20, bei ikishuka hadi 19 na senti 60 nitauza. Ikifika 21 nitauza. Nikipoteza mara tatu kwa siku moja, nitaizima simu hadi kesho.' Kisha anajiuliza ni hisa ngapi anunue. Akiwa ameamua kwamba kosa moja lisimgharimu zaidi ya shilingi 500, yaani asilimia moja ya mtaji, atagawanya 500 kwa senti 40 na kupata hisa 1,250. Idadi hiyo haikutoka katika ndoto ya atakachopata. Imetoka katika kipimo cha anachoweza kupoteza. Wako madalali wanaopokea amri ya kukomesha hasara mapema, ili hisa ziuzwe bei inapogusa kikomo hata kama mwenyewe amelala. Ni jambo la busara, mradi asirudi kukisogeza kikomo bei inapokikaribia. Ifahamike pia kwamba bei ikianguka kwa ghafla, hisa huweza kuuzwa chini ya kikomo hicho.

Kwa nini kuwa mchoyo kiasi hicho? Kwa sababu hasara na faida hazipimani. Aliyepoteza asilimia 10 ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 11 hivi ili kurudi alipokuwa. Aliyepoteza asilimia 50 anahitaji asilimia 100. Aliyepoteza asilimia 80 anahitaji asilimia 400. Kukosea mara kumi mfululizo si muujiza katika kazi hii. Anayehatarisha asilimia 2 kila mara atabaki na karibu asilimia 82 ya mtaji wake baada ya makosa hayo kumi. Anayehatarisha asilimia 20 atabaki na asilimia 11 hivi. Wote wawili wamekosea sawasawa, lakini mmoja angali na biashara na mwingine ana hadithi.

Wako watakaosema kwamba kanuni hizi ni uoga, na kwamba mchuuzi hodari huinusa bei jinsi mvuvi anavyounusa upepo. Siidharau silika. Lakini tukumbuke marubani. Mwaka 1935 ndege mpya ya kampuni ya Boeing ilianguka na kuua huko Ohio, Marekani, ilipokuwa ikifanyiwa majaribio, kwa kuwa kifaa kilichofunga usukani wake ilipokuwa imeegeshwa hakikufunguliwa kabla ya kuruka. Aliyeiendesha hakuwa mwanagenzi. Alikuwa rubani wa majaribio mwenye sifa. Baada ya hapo marubani walianza kuandikiwa orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, na hadi leo rubani mwenye mvi huisoma orodha hiyo kama mwanafunzi. Haisomi kwa sababu hajui. Anaisoma kwa sababu anajua kwamba kichwa chake, siku moja, kitasahau.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji wa mafunzo ya uchuuzi hawapendi lisemwe. Nidhamu haigeuzi mbinu mbovu kuwa nzuri. Mtu anaweza kufuata kikomo chake kila siku, kwa uaminifu wa mtawa, na bado akapoteza, polepole na kwa mpangilio. Wale watu wa Brazil waliodumu siku 300 hawakukosa bidii. Faida ya nidhamu ni nyingine: humfanya mtu apoteze kidogo na kwa muda wa kutosha ili aujue ukweli wake angali na kitu mkononi. Ndiyo maana katika daftari lile inafaa iwemo sentensi ya nne, iliyo kubwa kuliko zote: 'Ikifika miezi sita, nikiwa na hasara baada ya kutoa gharama zote, nitaacha.' Hapana sentensi ngumu zaidi kuiandika, kwa kuwa inamtaka mtu akubali mapema kwamba huenda yeye si yule mmoja katika mia.

Nalo daftari liwe daftari kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ununuzi uandikwe pamoja na sababu yake, uandikwe kabla ya matokeo kujulikana, na ada zihesabiwe. Mtu akisoma kurasa za miezi mitatu zilizopita atauona uso wake, na aghalabu atagundua kwamba siku alizovunja kanuni zake na bado akafaidika ndizo zilizomdhuru zaidi. Soko likimwadhibu mkaidi, humfunza. Likimtunuku, humfunza vilevile, ila humfunza uongo.

Jambo hili si la faragha ya kijana na simu yake. Fedha zinazopotea mara nyingi si zake peke yake. Ni karo, ni mkopo wa masomo, ni akiba ya chama cha akina mama, ni bei ya ng'ombe wa babaye. Mchuma janga hula na wa kwao. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina wajibu wa kuwapa leseni madalali na kuwatahadharisha wananchi, lakini hakuna mamlaka iwezayo kukaa chumbani na kila mchuuzi. Vyuo vyetu vingeweza kufundisha hesabu ya ada na ya hasara kwa kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa ualimu. Ni somo la juma moja. Nao wazazi wangefanya vyema kutotosheka na jibu la 'nafanya biashara mtandaoni', bali waulize kwa upole: daftari liko wapi?

Swali hilohilo aulizwe kila anayejitangaza kuwa mwalimu wa uchuuzi, yule anayepigwa picha akiegemea gari la kifahari. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Asiulizwe alipata kiasi gani siku moja, kwa kuwa hata saa iliyosimama husema kweli mara mbili kwa siku. Aulizwe hesabu za mwaka mzima, zenye faida, hasara na ada, zilizothibitishwa na dalali wake. Aulizwe pia kama kipato chake kinatokana na soko au kinatokana na karo za wanafunzi wake. Atakayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Simwambii kijana yeyote kwamba asiingie sokoni. Kununua hisa za kampuni imara na kuzishika kwa miaka ni njia ambayo imewafaa Wakenya wengi, nayo haihitaji mtu ashinde macho yamekodolea kiwambo. Anayetaka uchuuzi wa kutwa naye ana haki ya kuujaribu kwa fedha zake. Ninachomwomba ni kwamba usiku wa leo, soko likiwa limefungwa na moyo wake ukiwa umetulia, aziandike sentensi zake nne za -ki-, amkabidhi mtu mmoja anayemheshimu nakala yake, na kumpa ruhusa ya kumwuliza. Akishindwa kuziandika usiku huu pasipo na lolote linalomsukuma, asitarajie kuzitunga kesho saa tano bei ikiporomoka mbele ya macho yake.